Pombe ya Posa Nyumbani kwa Gavana

Haya nimeyapata kwa Olaedo mwenyewe. Alinisimulia mwezi wa nane, siku ya pili ya sikukuu ya viazi vikuu vipya, tukiwa tumekaa jikoni kwangu tunachambua majani ya mchuzi, na hakuna aliyetuharakisha.

Ilikuwa Desemba, ule wakati upepo wa vumbi unapopasua midomo na kila mwana wa nyumbani aliyeko mbali anarudi kijijini kwao. Baba yake Olaedo, Gavana Azubuike Okparaeke, alikuwa amerudi, na kijiji hakikupata usingizi. Magazeti yalikuwa yameanza kulitaja jina lake. Yalisema magavana watatu ndio wenye uzito wa kusimama kugombea urais, na katika hao watatu yeye alitajwa wa kwanza. Basi watu wakaanza kumiminika kuja kumsihi asimame. Walikuja wauza mafuta ya mawese, wakaja madereva wa malori, wakaja wachungaji na makanzu yao, wakaja mafundi viatu. Na kwetu huendi kumwomba mkubwa jambo mikono mitupu. Kila kundi lilikuja na kola zake, zile mbegu chungu za kutafuna, na mtungi wake wa pombe ya mchikichi.

Gavana alikwishazoea. Anaingia ukumbini, anawapa mikono, kola inavunjwa, anamiminiwa pombe, anakunywa, anasema, "Nimewasikia, ndugu zangu, nitamuuliza Mungu na watu wangu," anatoka. Wanaingia wengine.

Olaedo alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, vidole vyake vimeng'ang'ania kitambaa. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko la Nkwo, na katika watu wote waliokaa ukumbini, yeye alimwona mmoja tu. Obiajulu alikaa nyuma ya wajomba zake, kofia mapajani, shingo imemnyooka kama mtu aliyevalishwa shati la mwenzake. Hakutakiwa kusema neno. Anayekuja kuposa hasemi, wazee wake ndio wanaosema. Lakini macho hayajawekewa sheria. Yalizunguka ukuta mzima, yakapita picha za gavana, yakapita saa, yakafika kwenye pazia yakatua hapo. Olaedo akahisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni.

Walikuwa wamekutana kwenye banda la kuku la mama yake, ulikuwa mwaka wa pili sasa. Vifaranga vilikuwa vinakufa, akaitwa daktari wa wanyama kutoka mjini, na Olaedo akatumwa akamsaidie kuvishika avitie dawa machoni. Alikuwa anavibana sana. Yule daktari akamwambia bila kuinua uso, "Mshike kama unavyoshika siri, dada. Usimminye, wala usimwachie." Olaedo anasema hajui vifaranga vingapi vilipona siku ile, maana yeye mwenyewe hakupona.

"Toka hapo mlangoni," mama yake, Lolo Ugoye, alimnong'oneza. "Bibi harusi hachungulii."

"Sijawa bibi harusi, Mama."

"Basi chungulia unieleze. Baba yako ameingia?"

Alikuwa ameingia. Aliingia mbiombio, simu mkono wa kushoto, huku katibu wake akimwambia sikioni, "Hawa ndio wa mwisho, Mheshimiwa, kisha kuna gari linakusubiri." Akawapa mikono wajomba wa Obiajulu, akampa mkono mama wa kijana, akampa hata Obiajulu bila kumtazama. Mzee Nwokeji, mkubwa wa ukoo, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha siku zote, akainua mkono kama anayetaka kusema jambo. Gavana hakumwona. Mtungi ulikuwa pale, kikombe kilikuwa pale. Katibu akamimina. Gavana akainua, akanywa funda la kwanza, la pili, akamaliza, akajifuta mdomo.

Olaedo aliachia pazia.

"Amekunywa," alisema.

"Amekunywa nini?"

"Pombe ya kina Obiajulu. Kikombe kizima."

Lolo Ugoye akakalia gunia la mchele. Kwetu pombe ya kubisha hodi haiguswi kabla ya binti kuitwa mbele ya watu akaulizwa: hawa wamekuja na pombe kwa ajili yako, je, tuinywe? Akikubali ndipo inanywewa. Akikataa, mtungi unarudi na wenyewe, umejaa kama ulivyokuja. Baba aliyekunywa kabla ya kuuliza ni kama ameshatoa jibu kwa koo lake mwenyewe. Haijawahi kusikika katika ukoo ule.

Kule ukumbini gavana alikuwa anasema, "Nimewasikia, ndugu zangu, nitamuuliza Mungu na..."

"Azubuike," Mzee Nwokeji alisema. "Umewasikia wakisema nini?"

"Mzee, najua walichokuja nacho."

"Hawajafungua mdomo."

Gavana akawatazama wale watu kwa mara ya kwanza. Mjomba wa Obiajulu, mzee mfupi anayeitwa Onwubiko, alisimama akashika fimbo yake kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameandaa hotuba ndefu wiki nzima, lakini aliona haina kazi tena.

"Mheshimiwa," alisema, "sisi hatukuja na mambo ya kura. Kura yangu ni yako, hiyo usiwe na wasiwasi. Tumekuja kubisha hodi kwa ajili ya binti yako Olaedo. Mtoto wetu ni huyu hapa, Obiajulu, daktari wa wanyama."

Gavana akatazama ndani ya kikombe, kama kwamba pombe ingeweza kuwa imebaki humo airudishe.

"Naomba mnipe dakika," alisema, akatoka kupitia jikoni.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alipokasirika sauti yake ilishuka, na sasa ilikuwa imeshuka sana.

"Ugoye. Hili ni nini?"

"Nilikuambia Jumatatu," mkewe alisema, bado amekalia gunia.

"Uliniambia watu wanakuja na pombe. Katika nyumba hii mwezi huu, nani haji na pombe?"

"Nilikuambia wanakuja kwa ajili ya Olaedo. Ukaniinulia kidole hivi, ulikuwa unaongea na simu. Nikakwambia tena asubuhi ukinyoa ndevu, ukasema ni vizuri, wakaribisheni. Nikawakaribisha."

Gavana akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa kwa binti yake.

"Mama," alisema. Tangu Olaedo azaliwe baba yake humwita hivyo, kama alivyomwita mama aliyemzaa yeye. "Njoo huku."

Walikwenda kwenye ubaraza wa nyuma, penye viti vya plastiki na nguo zilizoanikwa. Vumbi jembamba lilikuwa limefunika kila kitu. Gavana alifuta kiti kwa kiganja, akamkalisha binti yake, yeye akabaki amesimama.

"Unajua Gavana Tamunoibi wa jimbo la pwani ni mmoja wa wale watatu."

"Najua, Baba."

"Amekubali kunipisha. Atawaleta watu wake wote upande wangu. Kitu alichotaka ni nyumba zetu ziwe nyumba moja. Wewe na mwanawe Boma."

"Boma nimekula naye samaki mara moja. Nilipoondoka kwenda kunawa mikono, niliporudi alikuwa hajajua kama niliondoka."

"Ni kijana mstaarabu."

"Ni mstaarabu. Hata simu yake aliishika kwa ustaarabu."

Gavana karibu acheke, akajizuia. "Mwingine ni daktari wa kuku."

"Wa wanyama, Baba."

"Kuku si mnyama?"

"Basi wa kuku."

Upepo ulipita, shuka zikajaa kisha zikalegea. Gavana akavuta kiti, akakaa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sikiliza. Mimi sisemi umkatae. Ukiitwa, sema hujawa tayari. Ni maneno mawili tu. Wao watarudi kwao kwa heshima, mtungi wao nitawajazia mwingine, hata kumi. Wakati wa chama kuchagua mgombea ukishapita, waje tena. Hakuna mtoto wa sehemu zetu aliyewahi kufika hapa nilipofika. Watu wanaokuja pale mlangoni hawaji kutafuna kola, mama, wanaona kwamba safari hii pengine tutahesabika na sisi. Unaelewa?"

Olaedo alielewa. Hapo ndipo palipomuuma. Angekuwa baba wa kufoka na kutisha, angemjibu kwa urahisi. Lakini alikuwa amekonda tangu Oktoba, shati limekuwa kubwa shingoni, na alimsemesha kama mtu anayeomba maji.

"Na bila Tamunoibi?" aliuliza.

"Itakuwa ngumu."

"Haiwezekani, au ngumu?"

Baba yake alifuta vumbi gotini. "Ngumu," alisema.

Katibu alitokea mlangoni, akasema wazee wanauliza. Gavana akanyanyuka. Olaedo akaomba anawe uso kwanza.

Hakunawa. Alizunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye banda la kuku, na kama alivyotarajia, Obiajulu alikuwa ametoroka ukumbini, amesimama pale, anamwangalia jogoo mmoja aliyekuwa anachechemea.

"Huyu ana kidonda chini ya mguu," alisema.

"Obi, mimi nitaulizwa sasa hivi na wewe unatazama mguu wa jogoo."

"Nikikutazama wewe nitasahau nilichokuja kusema." Akageuka hata hivyo, akamtazama, na kwa kweli alisahau kwa muda. Olaedo alikuwa amevaa kitambaa cha zambarau na shanga za matumbawe za mama yake, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Niwaambie wajomba tuondoke," alisema hatimaye. "Tuseme tulikosea siku. Nitasubiri mpaka uchaguzi upite."

"Akishinda, kuna kipindi cha pili."

"Nitasubiri na hicho."

"Utakuwa na mvi."

"Wapo wanaooa na mvi zao."

Olaedo hakucheka. Alimsogelea mpaka akasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake jipya. "Usinirahisishie kukukataa," alisema. "Watu wote leo wananirahisishia. Baba ananiambia ni maneno mawili. Wewe unaniambia utasubiri. Hakuna hata mmoja anayeniambia, Olaedo, mimi nakutaka leo."

"Nakutaka leo."

"Sema tena."

"Nakutaka leo, na jana nilikutaka." Akashika nguzo ya banda, kama asingeishika angemshika yeye, na kuku na majirani wote walikuwa wanaona. "Lakini naogopa kitu kimoja. Siku baba yako akishindwa, utanitazama mezani, utaona mimi ndiye niliyemgharimu. Hutasema. Ndilo ninaloliogopa, kwamba hutasema."

Hilo Olaedo hakuwa amelifikiria. Alilifikiria pale pale, jogoo akichechemea kati yao, na hakutaka kumdanganya.

"Inawezekana siku moja nikanuna," alisema. "Utanivumilia?"

"Nimewavumilia bata mzinga miaka sita."

"Basi rudi ukakae ulipokuwa umekaa. Usiinuke mpaka mimi niseme."

Aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele, si wa jikoni. Alipita katikati ya wazee, akapiga magoti mbele ya baba yake kama inavyopasa, shanga zikagongana kifuani. Mama yake Obiajulu alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Gavana alisimama, kikombe kitupu kiko kwenye meza ndogo kando yake, hakuna aliyethubutu kukiondoa.

"Olaedo," alisema. Mtu aliyehutubia viwanja vya mpira alikosa sauti mbele ya watu kumi na tano. "Hawa ni watu wa Amaokwe. Wameleta kola na pombe, wanasema wameleta kwa ajili yako. Unamjua kijana wao?"

"Namjua, Baba."

"Pombe yao, je..." Akaangalia dari. Kisha akamwangalia binti yake, na sasa aliuliza kama baba, polepole, bila kumwekea jibu mdomoni. "Je, tuinywe?"

Olaedo aliinua uso.

"Baba, wewe umeshakunywa," alisema. "Sitaki pombe ya watu ikae tumboni mwako peke yako. Kunyweni wote."

Mzee Nwokeji ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mjomba Onwubiko akampiga mgongoni, na kicheko kikazunguka ukumbi kama moto wa majani makavu. Lakini kilipofika kwa gavana kilisimama. Hakucheka. Watu wakaona, wakanyamaza mmoja mmoja. Kama baba angegeuka sasa akatoka, pombe ingebaki pale ichachuke, na jibu la binti lingekuwa la bure. Olaedo alibaki magotini, anavitazama viatu vya baba yake, anangoja vigeuke kuelekea mlangoni.

Havikugeuka.

"Ile ya kwanza niliinywa kwa ajili ya urais," gavana alisema. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akakipeleka kwa mjomba Onwubiko. "Nimiminie ya binti yangu."

Alikunywa taratibu, funda kwa funda, huku anamtazama Obiajulu moja kwa moja juu ya ukingo wa kikombe, naye Obiajulu akatazamwa asiinamishe macho. Alipomaliza akampa kikombe Mzee Nwokeji.

"Daktari," alisema.

"Mheshimiwa."

"Unaweza kuongea mbele ya umati?"

"Ninaongea na kuku tu, Mheshimiwa."

"Wanakusikiliza?"

"Ukiwaletea chakula."

"Basi tofauti ni ndogo," gavana alisema, na sasa akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa amekibana tangu Oktoba. Lolo Ugoye alitoka jikoni akipunga kitambaa, mashangazi wakaanza vigelegele, sahani za mbuzi wa pilipili zikapita juu ya vichwa, na mama yake Obiajulu akambeba Olaedo kutoka sakafuni kama mtoto, ingawa Olaedo alimzidi kwa kichwa kizima. Kiganja cha Obiajulu kilipita karibu na chake katika msukumano ule. Viligusana migongo tu. Olaedo anasema mpaka leo sehemu ile anaijua ilipo.

Jua lilipozama wageni walikuwa wameondoka. Olaedo alimkuta baba yake kwenye ubaraza wa nyuma, simu sikioni, anasikiliza zaidi kuliko kusema. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akangoja.

"Hapana, Dagogo," baba yake alikuwa anasema. Dagogo ni jina la Tamunoibi. "Sikukuzunguka. Nimekunywa kwa mkono wangu... Ndiyo, mara mbili... Sawa. Sawa, ndugu yangu." Akaiweka simu mapajani.

"Anasema nini?"

"Anasema atafikiri."

"Amekasirika?"

"Amekasirika sana." Gavana alikuna kidevu. "Lakini hakukata simu. Mtu akiwa amekasirika na hajakata simu, bado mnaongea. Kesho nitampigia tena. Na kesho kutwa nitakwenda mwenyewe, na kola."

"Akinywa bila kukusikiliza?"

"Mama, usinichokoze. Nimechoka."

Walikaa. Vumbi lilikuwa limeshuka, na kutoka kwa majirani ilisikika redio ikitaja majina ya magavana watatu, halikutajwa la daktari wala la binti. Baada ya muda Olaedo alisema, "Nikija kununa, Baba, kwa sababu ya hili..."

"Kwa sababu ya nini?"

"Ukishindwa."

Baba yake alinyoosha miguu, akavua viatu vile, akaviweka kando. "Nikishindwa nitakuwa na nafasi ya kufuga kuku," alisema. "Nina daktari." Akainuka, akamwekea mkono kichwani, ukakaa pale kidogo, kisha akaingia ndani.

Haukupita muda Olaedo akamsikia anakoroma, na mama yake akimsukuma ajilaze ubavu mwingine, kisha mama naye akanyamaza. Katibu alikuwa amesinzia kwenye kochi la ukumbini na tai yake. Olaedo alijitupa kitandani na nguo zake zile zile za zambarau, akisema moyoni kwamba usiku huu hatalala, ataikumbuka siku yote tangu mwanzo, neno kwa neno, aone kama kweli ilitokea. Alivua shanga. Alivua hereni moja. Aliianza siku, akafika pale kwenye pazia, pale macho yalipotua, na usingizi ukamchukua na hereni ya pili ikiwa bado sikioni.